Risasi za Baba Zilipoanza Kupishana Urefu

Nilivuta komeo la bunduki ili nitoe risasi, likatoka ganda peke yake.

Kichwa cha risasi hakikutoka. Kilibaki kimenasa ndani ya mtutu. Baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, punje nyeusi, nyingine zikaingia kwenye glovu yangu.

Sikuwa nimefyatua. Hapo ndipo nilipookoka.

Ilikuwa Jumapili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Mimi na mdogo wangu Rodney tulikuwa kwenye shimo la changarawe nyuma ya shamba la kina Lahti, tunajaribu bunduki kama kila mwaka. Theluji ilikuwa nyepesi, imefunika mawe tu.

Nilikuwa nimeingiza risasi ya pili. Komeo likawa gumu kufunga, nikalisukuma kwa kiganja likafunga. Nikaweka jicho. Rodney akaninyooshea mkono nisubiri, anataka kwenda kuangalia karatasi ya shabaha.

"Dada, ile ya kwanza haikugusa hata karatasi. Umeujeruhi mti wa watu."

"Nenda kaangalie, acha maneno."

Kwa hiyo nikaitoa risasi, maana mtu haendi mbele ya bunduki iliyojaa. Ndipo likatoka ganda peke yake.

Rodney aliporudi alinikuta nimesimama, nimeshika lile ganda kama mtu aliyepewa kitu asichokijua.

"Hiyo ni ya mzee?" akauliza.

"Ya mzee."

Akaenda kwenye pikapu bila mzaha hata mmoja. Na Rodney ni mtu wa kusema.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, na kichwa mbele, ndicho kinachoruka. Unaponunua dukani unapewa iliyokwisha kutengenezwa. Huku kwetu wengi tunatengeneza wenyewe, kwa mashine ndogo ya mkono iliyofungwa mezani.

Na unaweza kupatia kila kitu ukaharibu kwenye urefu.

Kichwa kikikaa mbele sana, kinajikita kwenye mifereji ya ndani ya mtutu kabla hata hujapiga, msukumo unapanda. Ukikizamisha sana ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, msukumo unapanda vilevile. Na lile komeo linalouzuia msukumo huo lipo karibu kabisa na jicho lako.

Baba yangu, Reino Ojala, ndiye aliyekuwa anatutengenezea wote. Sisi, binamu, watu wa kanisani. Ukisema "risasi za Reino" kuanzia kwetu mpaka ziwani, hakuna anayeuliza Reino yupi.

Namba za kitabuni hakuwahi kuziamini. Alikuwa anasema kitabu hakijawahi kuiona bunduki yako.

Kila bunduki alikuwa anaipima yenyewe. Anachukua ganda lisilo na baruti wala fataki, anakiweka kichwa kikae kwa kulegea, anakipaka moshi wa mshumaa kiwe cheusi. Anaingiza kwenye bunduki taratibu, anafunga komeo. Mifereji inakisukuma kichwa kirudi ndani ya ganda mpaka pale inapokigusa. Anatoa, anaangalia mikwaruzo kwenye ule weusi, anapima. Anarudia na kurudia mpaka namba ile ile ijitokeze. Halafu anapunguza unene wa karatasi chache hivi, ili kichwa kisiguse kabisa.

Huo ndio urefu wa bunduki yako. Ya jirani yako ni mwingine, hata kama mlinunua siku moja.

Mtu wa namna hiyo hatengenezi risasi inayonasa.

Rodney ni fundi wa pikipiki za theluji, kipimio cha urefu hakikosi kwenye pikapu yake. Tukakaa na boksi langu, tukazipima moja moja.

Ya kwanza sawa. Ya pili ndefu. Ya tatu ndefu zaidi. Ya nne imezamishwa mpaka kichwa kimekuwa kama mtu aliyejivutia blanketi mpaka puani.

"Hapana," Rodney akasema. Akapima tena ile ile. "Hapana."

"Labda mashine imelegea."

"Mashine ikilegea zinakosea upande mmoja, dada. Hizi zinakwenda mbele na nyuma. Huyu ni mtu."

Tukaangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kwa sababu dalili zilikuwapo. Majira ya kiangazi jiko la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, liliwashwa likasahauliwa, ukuta ukaungua upande mmoja. Baba akasema ni yeye. Bili ya umeme ikalipwa mara mbili. Baba akasema ni yeye. Hata kuwinda alikuwa ameacha, akasingizia magoti. Sisi tukawa tunasema uzee, uzee, tunapotezea.

"Nani wengine amewapa mwaka huu?" nikauliza.

Wa karibu alikuwa mzee Onni Lahti, mwenye shamba. Tukaenda kwake moja kwa moja. Tulimkuta uani anapasua kuni. Tukamwambia tumekuja kuchukua boksi la risasi za baba, kuna kasoro kidogo.

Akaweka shoka chini. Hakuuliza kasoro gani.

"Nimepiga moja wiki iliyopita," akasema. "Komeo likagoma kufunguka. Nikaligonga kwa nyundo ya mpira. Fataki ilikuwa imetoboka kwa msukumo."

"Mzee Onni, na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Huyu mtu amenitengenezea risasi tangu wewe unavaa nepi. Sikutaka kumwaibisha." Akasafisha pua. "Nilizificha. Nikanunua za dukani."

Mzee wa watu angeweza kupoteza jicho, halafu akajikausha kwa heshima.

Siku hiyo hiyo tukaenda nyumbani.

Mama, Helmi, alikuwa amekata mkate wa iliki na kuweka kahawa mezani. Baba alikaa mahali pake dirishani, mikono ameifungia kwenye kikombe. Nikapanga risasi nne juu ya kitambaa cha meza, kwa urefu, kama watoto kwenye picha ya shule.

"Baba, hizi umezitengeneza lini?"

Baba alizitazama kwa muda. Halafu akamtazama mama. Mama alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, hana habari.

"Juzi juzi," baba akasema. "Nimekosea. Kichwa changu siku hizi kinaruka."

Basi. Hakuna kubisha wala kukasirika. Mtu ambaye ukimwambia tairi lake halina upepo anakununia mpaka Pasaka.

Rodney akamweleza habari za mzee Onni. Baba akafumba macho.

"Nitaacha," akasema. "Chukueni mashine."

"Na funguo za gari, baba," Rodney akasema, taratibu sana.

Hapo nilidhani atasimama. Hakusimama. Akazisukuma funguo mezani kwa kiwiko, hata hakuzishika.

Mama akamgusa bega. "Ni vizuri, Reino. Watoto wanakujali."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya pikapu. Sitaki kukudanganya, nililia na bado nikajisikia nafuu. Angalau limekubalika kirahisi, nikasema moyoni.

Tukapata nafasi kliniki ya kumpima baba kumbukumbu siku chache baadaye. Rodney akabaki na kazi ya kuzungukia waliobaki kukusanya maboksi. Mashine tukaiacha palepale kwenye chumba cha chini ya nyumba, Rodney alisema ataifungua jioni. Mama akabaki nyumbani. Mimi nikampeleka baba.

Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, anaongea polepole. Baba akaomba nikae ndani naye. Akaulizwa tarehe, akajibu. Akapewa maneno ya kukumbuka, akayarudisha yote, na la mwisho akamsahihishia daktari alivyolitamka. Akahesabu kinyumenyume kwa kuruka saba saba, haraka kuliko mimi ninavyoweza kwenda mbele.

Halafu akaambiwa achore saa.

Mviringo ulitoka kama nyaya zilizokunjamana. Mkono ulikuwa unaruka juu ya karatasi. Aliuweka wa kushoto juu ya wa kulia kuutuliza, ikawa inaruka yote miwili.

"Hii imeanza lini?" daktari akauliza.

"Siku nyingi."

"Miaka?"

"Miaka."

Daktari akanigeukia mimi. "Baba yako kumbukumbu yake ni nzuri kuliko ya wagonjwa wangu wengi wa umri huu. Mikono ndiyo tatizo. Mlisema anatengeneza risasi?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono hii?"

Nilimwangalia baba. Alikuwa anaangalia bango la chanjo ukutani.

Kwenye gari nikawasha injini nisiondoke.

"Baba. Nani anatengeneza zile risasi?"

"Endesha, Lorna."

"Siendeshi."

Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Mama yako," akasema.

Akanieleza. Mikono ilipoanza kumsumbua, mwaka mmoja alishindwa kabisa kukalisha kichwa kwenye ganda. Kinadondoka, anaokota, kinadondoka. Mama alikuwa amemletea kahawa. Akamwambia sogea. Akakalisha cha kwanza, cha pili, boksi zima. Alikuwa amemtazama miaka mingi, anajua kila hatua.

Kuanzia hapo ikawa hivyo. Baba anashuka, mama anashuka nyuma yake na vikombe, mlango unafungwa. Sisi tukaambiwa tusiwavuruge, baruti haitaki kelele. Baba anakaa kwenye kiti anasoma gazeti, mama anafanya kazi.

"Na alinishinda," baba akasema. "Mimi nilikuwa mzuri. Helmi alikuwa hakosei. Yule kulungu dume mkubwa uliyempiga mwaka ule wa mvua, na picha ukaweka ukutani, hiyo ni risasi yake."

"Kwa nini hamkusema?"

"Mwanzoni ni aibu yangu. Mtu anaitwa Reino wa risasi halafu hawezi kufunga kifungo cha shati. Baadaye nikataka kusema, yeye akakataa. Akasema watu wakijua zimetengenezwa na mpishi wa kanisa hawatazipiga."

"Na hizi za mwaka huu?"

Akageuza uso kwenye dirisha la gari.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kupanga vitu upya. "Sauna," nikasema.

"Si mimi."

"Bili."

"Si mimi."

"Baba, wewe umekubali kupimwa ukichaa kwa ajili ya kitu ambacho…"

"Nyumbani yupo nani sasa hivi?" akanikatisha.

"Mama."

"Na Rodney?"

"Rodney yuko huko anakusanya maboksi. Mama yuko peke yake."

Baba akafunga mkanda kwa shida, mkono ukikosa tundu. Nikamsaidia.

"Ongeza mwendo, mwanangu."

Nilipoingia nyumbani jikoni hapakuwa na mtu. Taa ya chini ilikuwa inawaka. Nikashuka ngazi nikinyata, sijui kwa nini, kama vile ningemwamsha mtu.

Mama alikuwa mezani, amevaa aproni ya baba na miwani yake ya kusomea. Mgongo umenyooka. Redio ndogo inaimba nyimbo za Kifini.

"Umerudi mapema," akasema bila kugeuka. "Namalizia zako. Msimu ni kesho kutwa, huna hata moja."

Nikasimama nyuma yake, nikatazama.

Sijawahi kuona mikono mizuri vile. Alishika kichwa kwa ncha za vidole viwili, akakiweka juu ya ganda, akashusha wenzo wa mashine bila kishindo. Akatoa, akaweka kwenye kipimio, akasoma namba.

"Hapo hapo," akasema. Akaiweka kwenye trei.

Akanywa kahawa kidogo.

Halafu akaichukua ile ile. Akaipima. Akakunja uso. Akazungusha skrubu ya mashine inayopanga urefu robo mzunguko, akairudisha, akashusha wenzo. Akapima.

"Hapo hapo."

Akaiweka. Kahawa. Akachukua ile ile.

Nilimwona akifanya hivyo mara kwa mara, na kila mara uso wake ulikuwa wa mtu anayeanza. Skrubu inakwenda huku, inakwenda kule. Hakuna hatua aliyokosea. Alikuwa tu hakumbuki kwamba amekwisha kuifanya.

Kisha nikaona mikebe ya baruti. Ilikuwa miwili, yote wazi. Mmoja wa bunduki yangu. Mwingine ni ule wa bunduki ya kuwindia ndege, baruti inayowaka haraka mno. Ukiijaza kwenye ganda la kulungu hupati risasi, unapata bomu karibu na shavu lako.

Nikaifunika yote miwili taratibu.

"Mama, tupumzike kidogo."

"Kaa hapa," akasema, akanisogezea kiti cha baba. Akapunguza sauti. "Afadhali uko peke yako. Nataka kukwambia kitu, ila Rodney asijue, ana maneno mengi. Ni kuhusu baba yako."

"Kafanya nini?"

"Anasahau." Akavua miwani. "Nimekuwa nikimfichia muda mrefu. Aliacha sauna ikawaka, nyumba ingeungua. Analipa vitu mara mbili. Mwenyewe anakiri, maskini. Nikimuuliza, anasema ndiyo, Helmi, ni mimi." Macho yalimjaa machozi. "Nashuka huku nimfanyie hizi kazi asije akaua mtu. Nimemtunza vizuri, Lorna. Lakini naona inazidi."

Ngazi zikalia nyuma yetu.

Baba alikuwa amesimama katikati ya ngazi, ameshika ukingo, kofia bado kichwani. Sijui alianza kusikia wapi.

Nilimwangalia. Nilitaka aseme. Nilitaka mtu mmoja humo ndani aseme.

"Ndiyo, Helmi," akasema. "Nasahau."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema niwe na mtu karibu."

"Ninaye," mama akasema, yaani yeye mwenyewe, akafuta macho kwa aproni. "Twende juu ukale. Nimeoka pai."

Pai ilikuwa mbichi. Tanuri halikuwashwa. Baba akakata kipande akatafuna nyama na viazi vibichi, akasema ni tamu.

Jioni Rodney alirudi na maboksi yote. Nilimweleza nje, kwenye baridi. Mdogo wangu mwenye maneno mengi alikaa kwenye ngazi ya pikapu akajishika kichwa. "Nilimnyang'anya funguo," akawa anasema. "Nilimnyang'anya mzee funguo."

Tulizifungua risasi zote, moja moja, Rodney na mimi, gereji kwake. Katika boksi la mzee Onni tulikuta mbili zenye ile baruti ya bunduki ya ndege. Rodney aliziweka pembeni, mbali na nyingine.

Nilipomrudishia baba funguo alizikataa. Akasema akizichukua, mama atauliza kwa nini.

Na ndivyo tulivyo mpaka leo. Mji mzima unajua Reino Ojala amekwisha kichwa. Kanisani wanamsemesha polepole kama mtoto. Mzee Onni anampigia kelele sikioni, wakati masikio hayana ubaya wowote. Baba anaitikia kwa kichwa. Nilitaka kuwaambia watu, akanikataza. Anasema yeye amekula sifa za mama miaka yote hiyo, sasa ni zamu yake kula kilichobaki.

Mimi sikubaliani naye. Tumegombana kwa hilo. Naona mama ana haki ya kujua mwili wake mwenyewe unafanya nini. Daktari naye amesema aambiwe, taratibu, na tutamwambia. Lakini kila siku ninapojiandaa, namkuta anamfunga baba vifungo vya shati huku anamchekesha, nashindwa.

Mara ya kwanza mama alipopimwa tulimwambia anamsindikiza baba. Alivaa koti lake zuri, akambebea kofia. Daktari akasema ana kawaida ya kumuuliza maswali hata anayemtunza mgonjwa. Wakaingia wawili, mlango ukafungwa.

Nilikaa na baba kwenye viti vya nje.

Mama alipotoka alikuwa ametulia, ila koti amelifunga vifungo vimepishana.

"Ameniuliza mambo mengi," akasema, akakaa. "Tarehe. Maneno. Akaniambia nichore saa. Nadhani wanataka kujua kama naweza kukutunza."

Baba akauchukua mkono wake kwa mikono yake miwili inayoruka. Ilichukua muda kidogo kuupata.

"Unaweza," akasema.

Wewe unayesoma hapa na una wazazi wazee, nina moja tu la kukuachia. Siku mmoja wao akikiri kosa haraka kuliko tabia yake, usishukuru kwamba amekurahisishia kazi. Mtoe nje, mkae wawili tu, umuulize tena.